Vikao Kumi na Kimoja Ambavyo Havikufanyika

Wanaohusika ni watu watatu. Nitawataja kwa vyeo vyao, kwa kuwa vyeo ndivyo vilivyotia saini. Wa kwanza ni muuguzi wa magonjwa ya akili wa kituo chetu cha afya, aliyeandika kwamba amefanya kazi ambayo hakuifanya. Wa pili ni mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, aliyejua na akachagua kutojua. Wa tatu ni mimi, karani wa kumbukumbu, ambaye muhuri wa kituo ulikaa katika mtoto wa meza yangu muda wote huo. Atakayesoma maelezo haya hadi mwisho asije akasema kwamba nimejisahau.

Kituo kile kilikuwa Karatu, kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Magari ya watalii yalipita na kutuachia vumbi, nasi tuliendelea kuandika. Hakikuwa kituo cha Serikali. Kiliendeshwa kwa misaada na kwa ada za waajiri, hasa shamba moja la kahawa la Oldeani lililowalipia vibarua wake kila walipotibiwa. Wafugaji walioshuka kutoka juu Ngorongoro hawakulipa kitu, wala hakuna aliyewadai.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kituo kilifungua huduma ya wagonjwa wa akili. Huduma ilikuwa ya namna tatu: vidonge, sindano ya mwezi, na kile kilichoitwa kikao. Kikao kilikuwa mazungumzo ya nusu saa baina ya muuguzi na mgonjwa, wawili tu, mlango umefungwa. Mgonjwa mpya alionwa kituoni mara ya kwanza, kisha muuguzi alimfuata kambini kila Jumatano kwa Landrova ya kituo. Shamba lililipa kwa kila kikao.

Mimi sikuwahi kuiamini huduma hiyo ya tatu, na sababu yangu ilikuwa ya kikarani. Mtu akidai amechoma sindano, kichupa kitupu kipo. Akidai ametoa vidonge, kopo limepungua. Lakini akidai amezungumza na mgonjwa nusu saa, hakuna kinachobaki mezani isipokuwa neno lake. Nililisema jambo hilo katika mkutano wa wafanyakazi. Muuguzi akajibu kwamba bwana karani anataka maneno yapimwe kwa kilo kama maharage. Walicheka, na mkutano ukaendelea.

Hata hivyo, mimi mwenyewe nilifungua mlango. Fomu za madai zilichukuliwa na lori la shamba Ijumaa alfajiri, na dereva wake hakuwa mtu wa kusubiri. Ili kumwondolea kisingizio, nilizoea kuzigonga muhuri fomu na karatasi za barua ishirini kila Alhamisi zikiwa bado tupu, nikaziacha katika trei la muuguzi azijaze jioni. Hakuna aliyeniamuru. Niliona ni wepesi wa kazi, na kwa miaka miwili nilijisifu kwa wepesi huo.

Mama ninayemwandikia haya alifika kituoni siku moja ya kiangazi, mtoto mgongoni. Alikuwa mchumaji wa kahawa katika shamba lile, mtu wa Oldeani kwa kuolewa, mwenye binti mwingine wa miaka sita hivi aliyebaki kambini. Nyapara alimleta kwa kuwa alianza kusemasema peke yake kati ya mistari ya mibuni. Nilipomwandikisha nilimwuliza umri wa mtoto, akaniambia alizaliwa kahawa ilipochanua. Kisha nikashika kalamu kuandika sababu ya kuja, naye akanitazama mkono.

"Baba, unaandika nini hapo?"

"Naandika ugonjwa."

"Usiandike kichaa. Andika silali. Tangu nimpate huyu, silali."

Nikaandika: Halali usingizi. Alitaka nimsomee, nikamsomea. Ndipo akaingia kwa muuguzi, na mlango ukafungwa. Kikao hicho kilifanyika. Nilikiona kikianza na nikakiona kikiisha, na saa yake nimeiandika.

Baada ya hapo nilikutana naye kwenye karatasi tu. Kila Alhamisi jina lake lilirudi: kikao cha pili, cha tatu, cha nne. Masika yalikuwa yameanza. Anayeijua barabara ya Oldeani wakati wa masika anajua kwamba udongo wake huyakamata magari kama gundi, na mwaka ule hata dizeli ilikuwa ya kibali. Nilipokifungua kitabu cha safari za gari kwa shughuli nyingine, niliona kwamba Landrova yetu ilikuwa haijatoka uani kwa Jumatano saba mfululizo. Nilikichukua kitabu nikaenda nacho chumba cha chai, ambako muuguzi aliketi na wenzake.

"Ndugu muuguzi, Jumatano hizi saba gari halikutoka."

"Nilipanda lori la magunia."

"Zote saba?"

"Bwana karani, wewe ungekuwa polisi, tungekuwa tumeshafungwa sote, hadi mpishi."

Mpishi mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Mimi sikucheka, ila nilikirudisha kitabu mahali pake. Lori la magunia lilikuwepo kweli, na sikuwa na kitu cha kuweka dhidi ya neno lake. Tangu siku hiyo nilimtilia shaka kila alichoandika, hata tarehe.

Kikao cha kumi na mbili kilipoandikwa, meneja wa shamba alileta barua ya kuuliza matokeo. Swali lake lilikuwa la haki. Amelipia vikao kumi na viwili. Je, mfanyakazi huyu amepona, anaendelea kupona, au vipi? Utaratibu wa shamba ulijulikana. Kibarua aliye katika matibabu aliwekewa kazi yake na chumba chake katika laini za kambi. Kibarua ambaye matibabu yamemshinda alifutwa katika orodha, chumba akapewa mwingine, naye akapelekwa hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, safari ya siku nzima na zaidi kutoka kwetu.

Alhamisi iliyofuata muuguzi aliweka mezani pangu rasimu ya jibu niipige chapa. Sentensi yake ya kati ilisema hivi: Mgonjwa amehudhuria vikao vyote kumi na viwili na hakuonyesha nafuu yoyote.

Nililisoma jina kwa sauti ili nihakiki herufi zake. Mhudumu wetu wa usafi, mama wa Kiiraqw aliyekaa Oldeani na kushuka kila siku kwa miguu, alikuwa anapiga deki. Akaacha.

"Huyo wa kambi ya chini? Aliyefiwa na mtoto?"

Sikuwa na habari kwamba amefiwa. Katika karatasi zote zile hapakuwa na neno moja juu ya msiba. Nikamwambia ndiye, na kwamba amehudhuria vikao kila Jumatano.

"Kahudhuria wapi, mzee?"

"Kambini."

Akalikamua tambara la deki taratibu kabla ya kunijibu. "Mimi ni jirani ya wakwe zake. Yule mtoto alikufa wiki mbili tu baada ya yeye kuja hapa. Akatolewa kambini akapelekwa kule kwa wakwe, akatengwa. Muda wote huo hata mbuzi wetu hawakupita kwao. Huyo muuguzi wenu aliingilia wapi?"

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, na muuguzi alitoka mjini Arusha. Ilibidi mhudumu anieleze jambo ambalo kila mtoto wa upande ule alilijua. Mama akifiwa na mtoto anayenyonya, hujitenga na watu mpaka wazee waseme basi. Haendi gulioni, hachoti maji mahali wanapochota wenzake, haombi moto kwa jirani, wala jirani hakanyagi kwake. Viongozi walikwisha kuupiga marufuku utaratibu huo katika mikutano, na watu walikwisha kuitikia katika mikutano. Nyumbani waliendelea nao.

"Pengine walikutana njiani," nilisema. Nilikuwa bado natafuta pa kumtoa.

"Njia gani, mzee? Mtu angesimama naye pale, kijiji kizima kingejua kabla ya jua kuzama. Na yeye muuguzi asingekaribishwa hata maji ya kunywa. Mwulize hizo Jumatano alikunywa chai kwa nani."

"Na sasa yuko wapi huyo mama?"

"Wazee wamemtoa. Amerudi kazini mwezi sasa. Haongei sana, lakini anaongea. Juzi amenitania kwamba kitambaa changu cha kichwa nimekishona kwa gunia la kahawa."

Nilimwomba arudie, akarudia, nami nikaandika. Hivyo basi mtu ambaye karatasi ilisema hakuonyesha nafuu yoyote alikuwa anachuma kahawa na kutania watu. Vikao kumi na kimoja vilibuniwa na mtu aliyedhani kwamba Oldeani, kama mjini, mgonjwa anaweza kuonwa siku yoyote na hakuna atakayejua.

Nilimfuata muuguzi ofisini kwake. Alipoiona rasimu mkononi mwangu, alisimama akafunga mlango.

"Nani amekwambia?"

"Swali ni kama ulimwona."

"Nilimwona mara moja."

"Na hizo kumi na moja?"

Alinishika bega akanisogeza dirishani. Nje, kwenye benchi, waliketi wafugaji wanne kutoka Ngorongoro, fimbo zimeegemezwa ukutani. Mmoja wao, kijana mrefu wa rika la morani, alikuwa anabishana na mpishi kuhusu ukubwa wa sufuria, na wote wawili wanacheka.

"Unamkumbuka yule?"

Nilimkumbuka. Mwaka uliotangulia aliletwa na kaka zake amefungwa kwa kamba ya ng'ombe, mikono imevimba.

"Leo amekuja mwenyewe. Ametembea tangu jana. Anatulipa nini? Hatulipi. Vidonge vyake, na vya wale wengine, vinalipwa na Jumatano za Oldeani. Shamba lina fedha, bwana karani. Yule hana."

"Ungeomba fungu."

"Niliomba mara tatu. Nakala unazo wewe. Jibu unalo?"

Jibu halikuwepo. Majalada nilikuwa nayajua kwa moyo, na jibu halikuwepo.

"Na barua hii?" nikamwuliza. "Huyu mama amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Lakini fikiri. Nikiandika kwamba amepona, meneja atasema basi, vikao vikome. Nikiandika kwamba sikumwona, atasimamisha kila kitu, na yule kijana atarudi kwenye kamba. Nikiandika hakupata nafuu, atapelekwa hospitali kubwa, ataonwa na madaktari wa kweli. Ubaya uko wapi?"

"Ana chumba. Ana mtoto."

"Chumba ni cha shamba," alisema, "na mtoto ana bibi yake."

Nilipaswa kuichana rasimu ile mbele yake, kisha nipande lori la Ijumaa niende Oldeani kumweleza meneja ukweli. Naandika kwa masikitiko kwamba sikufanya hivyo, kwa kuwa sikumwamini. Maneno yake juu ya vidonge vya wafugaji niliyaona ni pazia, na nyuma ya pazia nilitarajia kumkuta mwizi. Nikaazimia nimkamate kwanza kwa hesabu. Jioni ile, na Ijumaa, na Jumamosi nzima, nilijifungia katika stoo ya dawa. Nilihesabu makopo. Nililinganisha hati za ununuzi na daftari la kugawa, mgonjwa kwa mgonjwa, alama ya dole gumba kwa alama ya dole gumba. Ada ya Oldeani ilinunua vidonge, na vidonge viligawiwa. Hakikupotea hata kimoja.

Nilisikitika. Nalitumia neno hilo kwa sababu ndilo la kweli: nilisikitika kutompata mwizi. Mtu niliyemchukulia kuwa mla fedha alikuwa na viatu vilivyotoboka, nami nilikuwa nimeviona viatu hivyo kila siku.

Jumatatu asubuhi nilikaa kwenye taipureta kuandika barua sahihi. Nikaitafuta rasimu nilinganishe, haikuwepo. Nikaenda kwenye trei, nikahesabu zile karatasi tupu nilizozigonga muhuri Alhamisi, kabla rasimu haijafika mezani pangu. Moja ilikuwa imekwisha kutumika kwa barua. Muuguzi alikuwa ameipiga mwenyewe kwa vidole viwili, mganga mfawidhi akatia saini, na lori likaichukua Ijumaa alfajiri, saa chache kabla sijaanza kuhesabu makopo kwa siku ya pili.

Nilikwenda kwa mganga mfawidhi na maelezo ya mhudumu mkononi. Aliyasoma yote, akayakunja, akanirudishia.

"Barua imekwenda, bwana karani. Kuirudisha ni kusema kituo hiki kinadanganya."

"Kimedanganya, mheshimiwa."

"Basi kaseme wewe. Na ukifika, waeleze muhuri ni wa nani."

Nikatoka. Niliandika waraka wa ndani wa kurasa mbili, nikautia nambari, nikauweka katika jalada, nikaona nimetimiza wajibu. Lori la magunia lilipita Jumatano na Ijumaa, wiki ile na iliyofuata, na sikulipanda.

Siku ya kumchukua, dizeli ilipatikana. Gari lililoshindwa kufika Oldeani Jumatano saba lilifika siku hiyo kabla ya saa nne, likarudi, likasimama mbele ya ofisi yangu kuchukua jalada lake. Alikuwa kiti cha nyuma na mke wa nyapara, amevaa vizuri, kifurushi mapajani. Nilimpa dereva jalada. Nilipogeuka, akaniita kupitia dirishani.

"Baba, wewe si ndiye uliyeandika silali?"

"Ndiye mimi, mama."

"Bado imeandikwa hivyo?"

"Bado."

"Sasa ninalala," alisema. "Ninalala tangu mwezi uliopita. Mbona napelekwa?"

Mke wa nyapara akatazama pembeni. Dereva akawasha gari. Jibu nililokuwa nalo nisingeweza kulisema mbele ya watu wawili, nikarudi ofisini.

Tangu hapo niliandika kwa ofisi ya wilaya, ya mkoa, na kwa bodi ya kituo. Nilijibiwa mara moja, kwa mstari mmoja, kwamba barua yangu imepokelewa. Huduma ya wagonjwa wa akili iliendelea. Vikao viliendelea kuandikwa, nami niliendelea kuvitilia shaka, lakini sikugonga tena karatasi tupu. Nilistaafu nikiwa na nakala za kila kitu katika sanduku la bati chini ya kitanda.

Mwaka huu, baada ya mavuno, watu wawili walibisha hodi kwangu. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye jembe la bustani. Mwingine alikuwa yeye. Amezeeka kuliko miaka iliyopita. Hospitali kubwa ilimweka miaka miwili, ikamwachia na kadi isemayo hana ugonjwa wa kumweka ndani. Aliporudi Oldeani chumba kilikuwa na watu wengine na jina lake halikuwemo katika orodha. Sasa anakaa Baray kwa kaka yake huyo, analima vitunguu. Binti yake alikwisha kumzoea bibi. Huja siku za likizo tu, na humwamkia kama mgeni.

Tulipokunywa chai alifungua kitambaa akatoa kadi ya kituo chetu, ile ile, imekunjwa mara nne. Hajui kusoma. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja bila kusita.

"Ni huu, siyo?"

Ulikuwa huo, ulionakiliwa kutoka ile barua. Vikao kumi na viwili, hakuonyesha nafuu.

"Umejuaje, mama?"

"Kila ninapokwenda kutibiwa, wananiuliza ninaumwa nini. Nikisema mgongo, wanafungua hii, wanasoma hapa, wanaangaliana. Halafu mgongo wangu hauulizwi tena. Mwaka jana nilikuwa na homa ya mapafu, wakanipa vidonge vya kulala." Akakirudisha kidole mapajani. "Wewe uliniandika vizuri. Huyu mwingine alinipata wapi?"

Nilimwambia kwamba hakumpata popote. Nilimweleza yote, pamoja na karatasi ishirini, na siku tatu za stoo, na lori ambalo sikulipanda. Alinisikiliza hadi mwisho. Kaka yake aliinuka akaenda kusimama uani. Yeye akasema tu, "Basi iandike hivyo," akaikunja kadi yake.

Kwa hiyo ninaiandika hivyo, na ninadai rasmi mbele ya bodi ya kituo, kwa nakala kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa uongozi wa shamba, kwamba jalada la mama huyu lifunguliwe. Mstari ule ukatwe kwa wino mwekundu pasipo kufutwa, ili kila atakayesoma aone kilichoandikwa na aone kwamba kilikuwa uongo. Chini yake iandikwe kwamba alionwa mara moja, kwamba vikao kumi na kimoja havikufanyika, na kwamba alipata nafuu bila sisi. Shamba liambiwe ukweli juu ya uongo uliolifanya limfute kazi, nalo lijibu litamfidia vipi. Wafugaji wa Ngorongoro waendelee kupewa vidonge vyao, lakini kwa fungu lenye jina lao, siyo kwa jina la mtu mwingine. Nasi watatu tuitwe, muuguzi, mganga mfawidhi na mimi, tueleze kwa vinywa vyetu mbele yake, nami niitwe kwanza, kwa kuwa ushahidi dhidi yangu uko tayari ndani ya sanduku langu.

Sitapokea jibu la kwamba barua imepokelewa. Jibu liwe la maandishi, liwe na saini ya mtu aliyelisoma, na lipelekwe kwake Baray, ambako lisomwe kwa sauti mpaka aridhike. Mimi itanitosha nakala.